Tui la Viazi Lisiitwe Maziwa

Wananchi, kule Sweden watu wamekamua viazi. Msicheke. Bibi Eva Tornberg wa Chuo Kikuu cha Lund alifanya utafiti, na mwaka 2021 kampuni moja ya huko ikaanza kuuza kinywaji cheupe cha viazi mviringo kiitwacho DUG. Mwaka 2022 kikafika madukani Uingereza.

Nasi viazi tunavyo. Mkulima wa Njombe na wa Mbeya huvijaza katika gunia la lumbesa, akauza kwa bei apangiwayo na mwenye lori. Basi tukiambiwa kwamba kiazi hicho hicho chaweza kuuzwa kwa chupa, yafaa tusikilize, tena kwa masikio yote mawili.

Kiazi ni wanga na maji. Gramu 100 za kiazi zina protini kama gramu 2 tu, na muhogo haufiki hapo. Maziwa ya ng'ombe yana zaidi ya 3. Kikisagwa na kutiwa maji, hata hizo 2 zapungua. Ndiyo maana Waswidi hao hutia protini ya njegere na mafuta ya mbegu. Sisi twaweza kutia soya au karanga. Tena wanga ukichemka huwa gundi, lakini dawa yake mama zetu waijua tangu zamani: kimea cha ulezi, kilainishacho uji mzito hata ukanyweka. (Muhogo mchungu una sumu, mtu asiujaribie jikoni kwake.)

Jambo tuliogopalo ni jina. Kitu cheupe chupani kikiitwa maziwa, mama atakiamini na kumnywesha mtoto. Mtoto wa chini ya miezi sita hana chakula ila ziwa la mamaye, na aliyempita umri hawezi kukua kwa maji ya wanga. Mwaka 2017 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikataza vinywaji vya mimea, isipokuwa vichache, kuuzwa kwa jina la maziwa. Lugha yetu haikungoja mahakama. Watu wa pwani wamekuna nazi karne nyingi, na maji yake meupe huyaita tui.

Basi kabla chupa ya kwanza haijatoka kiwandani, Shirika la Viwango liandike kanuni: liitwe tui la viazi, kiasi cha protini kionekane mbele ya chupa, na kwa Kiswahili cha herufi kubwa isemwe kwamba si chakula cha mtoto mchanga. Na kiwanda kijengwe karibu na shamba, chama cha ushirika cha wakulima kikiwa na hisa ndani yake.