Avoka anayesahihisha mtihani alipwe, na tujue nani anamlipa

Vijana wenzetu wa Kalemie, kuna jambo watu wanasema ni la baavoka peke yao. Sisi tunasema ni letu pia.

Mtu akimaliza sheria kwenye chuo kikuu, hawi avoka palepale. Kuna mtihani wa CAPA, na wanaosahihisha ni baavoka wenye kazi zao. Siku wako kwenye makaratasi, kabine imefungwa, mteja anaenda kwingine. Wengine wanasema hiyo ni heshima ya kazi, waifanye bure. Heshima hailipi nyumba.

Na kazi ya bure siye tunaijua. Leta ilipoacha walimu bila mshahara wa kutosha, ni wazazi ndio walitoa prime, miaka na miaka. Katiba ya 2006 ilishasema masomo ya msingi ni bure, lakini tulingoja mpaka 2019 ndio ianze kutumika. Katikati pale, nani kati yetu hakufukuzwa kelasini juu ya prime? Hatusemi kuna msahihishaji fulani amekula makuta. Tunasema hivi: ukimwacha bila malipo, umemwachia kandida kazi ya kumtafutia «kahawa».

Na atakayeumia si mwenye pesa, huyo anajichagulia avoka. Kifungu cha 19 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutetewa. Lakini mama wa Nyunzu ao Manono, mwenye mtoto wake yuko gerezani hapa, anapewa avoka wa pro deo, na mara nyingi ni yule aliyeanza juzi. Mtihani ukiwa wa kununua, yeye ndiye wa kwanza kuulipia.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, mwaka 2022 walifaulu 26 tu kati ya 633 kwenye Shule ya Sheria. Serikali ikaweka kamati chini ya Harrison Mwakyembe. Watu walibishana sana: kosa ni la wanafunzi, la vyuo, ao la shule yenyewe? Walau hesabu zilikuwa hadharani, kila mtu akabishana akiziona.

Siye tunaomba posho ya msahihishaji itoke kwenye kasha ya baro, kiasi chake kibandikwe ukutani mbele ya mtihani. Kandida akiwa na cha kulipa, alipe benki, apewe bordero. Makaratasi yawe na namba, bila majina.

Barua yetu kwa batonie iko tayari. Tunaipeleka Jumatatu asubuhi, na hatutoki pale mpaka watupigie muhuri wa kupokea.