Picha Kabla ya Tingatinga

Msomaji kijana, wako watu wasemao ya kwamba nyumba kuukuu hazistahili kupigwa picha. Husema, za nini, na kesho zitavunjwa? Mimi nasema kwa sababu hiyo hasa zinastahili.

Tazama Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 1921 haikuwa, bali mwaka 2021. Mitaa ya Bondeni, Kaloleni na Flamingo ilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Kwa maoni ya waliojenga, chumba kimoja kilimtosha mtu na jamaa yake. Leo majengo marefu ya mpango wa nyumba za bei nafuu yamesimama Bondeni. Sipingi nyumba mpya. Nani apendaye kungoja zamu ya choo cha watu wengi? Ninalopinga ni desturi ya kumkumbuka mpangaji siku ya kuvunjiwa tu. Julai 2018 maelfu walivunjiwa Kibera, Nairobi, ili barabara ipite, na picha zilizonibaki akilini ni za tingatinga na mabati. Jinsi watu wale walivyoishi sikuonyeshwa.

Kosa hili si letu peke yetu. Mwaka 1868 mji wa Glasgow, Uskochi, ulipokusudia kubomoa vichochoro vyake, Thomas Annan aliajiriwa avipige picha. Kazi yake imesifiwa ulimwenguni. Watu wamo, wamesimama ukutani. Wengine walijongea wakafifia kama moshi. Lakini picha zimeandikwa namba ya kichochoro na jina la barabara. Vichochoro vina anwani, watu hawana majina!

Basi ukiwa na simu yenye kamera, usingoje vumbi. Sheria ya ardhi ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2016, yataka hata akaaye mahali pasipo haki apewe notisi ya miezi mitatu. Miezi mitatu yatosha kwa picha nyingi. Bisha hodi, uombe ruhusa. Ukikataliwa, shukuru urudi. Ukikubaliwa, piga mlango na namba yake, jiko, jirani, na jamaa wote wamevaa wapendavyo. Andika majina wakiridhia, tarehe, na mwaka waliohamia. Nakala ya kwanza mpe mwenye nyumba, iliyochapwa katika karatasi, maana simu huibwa, lakini karatasi hukaa sandukuni pamoja na vyeti vya watoto.