Mtoto Hujijua kwa Kinywa cha Nani?

Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria aliongoza utafiti katika vijiji vya Uzbekistan. Wakulima waliulizwa: wewe ni mtu wa namna gani, una kasoro gani? Wengi wa wasiojua kusoma walikwama. Wapo waliotaja uhaba wa nguo, wapo waliosema waulizwe majirani, kwani mtu atausemeaje moyo wake mwenyewe? Waliozoea vikao vya mashamba ya ushirika, ambako kazi ya kila mmoja hujadiliwa, walizitaja sifa na dosari zao pasipo shida.

Sioni hapo upungufu wa akili. Waliowataja majirani walikuwa wamegusa jambo lenyewe. Lev Vygotsky, aliyeshirikiana na Luria, alifundisha kwamba uwezo wa akili huanza baina ya watu ndipo uingie ndani ya mtu. Mtoto husemeshwa, kisha hujisemesha kwa sauti akicheza, mwishowe sauti ile huzama ikawa fikra. George Herbert Mead wa Marekani naye alishikilia kwamba mtu hujitambua kwa kujitazama kwa macho ya wenzake.

Basi shule inamsemesha nini mtoto? Hapa Tanzania, mara nyingi humtajia namba: wa 3, wa 58. Nafasi hizo zikisomwa mbele ya darasa, wenzake humwita wa mwisho kilaza. Mwalimu huacha kumuuliza swali, naye taratibu huacha kunyoosha mkono. Hata kipanga hana amani, maana kila zoezi jipya linaweza kumshusha.

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya wanafunzi na shule kumi bora. Nauunga mkono uamuzi huo. Wanaoupinga husema ushindani huamsha bidii, na kwa walio karibu na kilele huenda ni kweli. Ila wengi hawako huko, na ripoti za muhula katika shule nyingi bado zinawapanga watoto kwa nafasi.

Walimu wakuu, iondoeni nafasi hiyo kwenye ripoti. Mahali pake mwalimu aandike sentensi mbili: mtoto ameweza nini, na anakwama wapi. Darasa la watoto 80 litamchosha mwalimu, najua. Apunguziwe makaratasi mengine, lakini sentensi hizo aziandike.