Wiki Moja Katika Magugu ya Naivasha



Wasomaji wetu wapenzi, akina mama na mabinti mnaofuatana nami katika safu hii, mtanisamehe kwa kutoonekana wiki iliyopita. Sikuwa mgonjwa, Alhamdulillahi. Nilikuwa Naivasha nikivua samaki. Najua wapo watakaocheka: sheikh mwenye mvi, aliyezaliwa hatua chache kutoka baharini, afunge safari kwenda bara kutafuta kitoweo! Hata mama watoto aliniuliza kama samaki wa Kilindini wamehama. Basi naomba niwaeleze, kwani safari yenyewe asili yake haikuwa yangu.

Ninaye swahibu niliyesoma naye chuoni tangu tukiwa katika Juzuu Amma. Yeye alikuja kuwa dereva wa malori ya masafa marefu, Mombasa hadi mpakani Malaba, kwa zaidi ya miaka thelathini. Alistaafu Desemba ya mwaka jana, na Machi mwaka huu mkewe akafariki. Tulimzika, tukakaa matangani siku tatu, tukasoma khitma, kisha kila mtu akarudi kwake. Mimi mwenyewe ndiye niliyetoa mawaidha ya subira, nikaona nimetimiza haki ya usuhuba. Kila tulipokutana msikitini nilimuuliza hali, akanijibu, "Alhamdulillahi," nami nikaridhika na jibu hilo kwa miezi minane.

Binti yake ndiye aliyenijia nyumbani. "Ami," akasema, "Baba hali mpaka tumlazimishe. Haongei na mtu. Vifaa vyake vya kuvulia huvitoa chini ya kitanda, akavifuta vumbi, akavirudisha. Kila siku ni hivyo hivyo. Nakuomba uende naye mahali." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitakuja kuzungumza naye. Akainamisha kichwa, kisha akasema kwa adabu, "Mazungumzo ameyasikia mengi, Ami. Wewe nenda naye tu."

Tukaondoka Jumamosi kwa gari moshi la usiku hadi Nairobi, na asubuhi tukapanda matatu kuelekea Naivasha. Kwa faida ya wanaosafiri, niseme hapa jambo la sala. Njiani tulipunguza na kukusanya, kwani ni rukhsa ya msafiri. Lakini tulikuwa tumenuia kukaa mahali pamoja zaidi ya siku nne kamili, ukiacha siku ya kufika na siku ya kuondoka. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwenye nia hiyo hukoma kuwa msafiri anapofika, hivyo tukasali sala zetu kamili, na Ijumaa tukahudhuria msikiti wa mjini kama wenyeji.

Ziwa Naivasha liko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya alfajiri si ya kuvumiliwa kwa kikoi na kanzu. Maji yake ni matamu ingawa halina mto wa juu ya ardhi unaotoka humo. Mto Malewa na Mto Gilgil huingia, na maji hutoroka chini kwa chini. Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda likameza nyumba za watu katika mtaa wa Kihoto, na ukingoni migunga mikubwa imekufa ikiwa wima majini, matawi yao yakiwa viti vya furukombe. Upande mmoja kuna kiziwa cha Oloiden, ambacho hutengana na ziwa kubwa maji yakipungua na kuungana nalo yakijaa.

Samaki tuliyemfuata anaitwa besi. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, naye aliletwa Naivasha na walowezi mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya mchezo wao wa kuvua kwa ndoana. Ziwa hilo limejaa wageni. Kamba wa maji matamu waliletwa mwaka 1970 wakala mimea ya chini ya maji, na besi naye akawala wao. Gugu-maji, ambalo asili yake ni Amerika Kusini, limetanda juu kama zulia la kijani lenye maua ya zambarau. Halina mizizi ardhini, hivyo upepo ukivuma linahama. Ghuba iliyokuwa wazi asubuhi huenda ikawa imefungwa alasiri.

Mimi nilimlaani mwenye kuleta gugu hilo tangu siku ya kwanza, kwa maana kila nilipotupa mshipi niliopoa majani. Swahibu alinitazama muda mrefu bila kusema neno. Hatimaye alichukua ndoana yangu akanifungia mnyoo wa mpira, akaichoma ncha ya ndoana ndani ya mpira isitokeze. Akanionyesha kwa mkono: tupa mpakani, pale gugu linapoishia na maji yanapoanza; acha chambo kizame polepole; kivute kidogo; ngoja. Besi hafukuzi chakula chake mbali kama kolekole. Hujibanza kivulini chini ya majani, akapanua kinywa ghafla na kukivuta chambo ndani pamoja na maji. Ukishamnasa usimpe nafasi, kwani atakimbilia kwenye majani na kujizungusha mpaka mshipi ukatike. Mimi nilikatikiwa mara tatu siku ya Jumatatu peke yake.

Jioni hiyo, tukiwa tumekaa mbele ya chumba tulichopanga, nilianza mawaidha. Nilimkumbusha malipo ya wenye kusubiri na yote niliyoyasema matangani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jazakallahu kheri, sheikh," akaingia kulala. Nikakumbuka maneno ya bintiye. Siku zilizofuata sikumuambia lolote isipokuwa la chambo, chai na sala.

Jumatano tulihitilafiana kidogo, na hilo lilinifurahisha, kwani mtu anayebishana angalau yupo. Alikuwa akirudisha majini samaki wadogo. Nikamuambia nachelea tusije tukaingia katika lililokatazwa, kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa chombo cha mchezo. Akanijibu kwamba yeye anavua wa kula, na mdogo humrudisha ili akue, kwani akila wadogo leo mwakani atakula nini? Nikaifikiri hoja yake nikaona ni ya haki. Kumchoma samaki ndoana kwa kujifurahisha tu kisha kumuacha, hilo silipendi na sitalihalalisha. Lakini mwenye kuvua kwa haja, akaondoa ndoana kwa upole na kumrudisha yule asiyefaa, huyo anahifadhi riziki ya wenzake. Ndiyo sababu hata serikali huweka nyakati za kufunga uvuvi katika ziwa lile.

Alhamisi ndiyo siku ninayotaka mwijue. Nahodha wetu, kijana mpole wa Karagita, alitupeleka katika ghuba ndogo yenye mafunjo. Swahibu alinasa besi mzuri, labda wa kilo mbili. Alipomleta karibu na mashua, kijana akanyoosha kidole: juu ya maji palikuwa na wingu jeusi la vifaranga vya samaki, vidogo kama punje za mpunga, vikitawanyika huku na huku. "Huyo ni baba yao, mzee," akasema. Nikajifunza hapo jambo ambalo sikulijua. Besi jike hutaga mayai akaenda zake. Dume ndiye anayebaki kulinda kiota, na vifaranga vikitoka huviongoza na kuvilinda kwa siku nyingi. Katika siku hizo huuma chambo kwa sababu anamfukuza adui, njaa haimo. Akiondolewa, vifaranga huliwa vyote.

Swahibu alimshika samaki yule taya la chini, akamtoa ndoana, akamuingiza majini kwa mikono miwili. Akabaki ameinama vile vile, mikono imo majini, hata baada ya samaki kwenda.

Wakati huo upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Tulipogeuka kutoka, njia tuliyoingilia haikuwapo. Gugu lilikuwa limesukumwa mlangoni mwa ghuba, na rafadha ya mashine ikajizungushia majani ikazima. Kijana alijaribu kwa kafi, hatukusogea hata hatua. Viboko walikuwa wakikoroma upande wa pili wa mafunjo. Ilibidi tungoje upepo ugeuke. Tukatawadha kwa maji ya ziwa, tukasali alasiri tumekaa, kwani kusimama kungepindua mashua, na mwenye hofu ya kweli ana udhuru.

Baada ya sala ndipo aliposema, bila kunitazama: "Yule dume amekaa na wanawe. Mimi nilikuwa njiani. Watoto aliwalea yeye, homa zao, chuo chao, shule zao. Kila nikipita hapa Naivasha nilimpigia simu, akaniambia niletee besi wa moshi. Nikamuambia ningoje, nikistaafu nitakaa nyumbani na wewe. Nimestaafu Desemba. Tumekaa miezi mitatu."

Nilikuwa na aya tayari ulimini. Nikaimeza. Swahibu yangu akalia kama mtoto, mwanamume wa miaka hamsini na tisa, na kijana wa watu akageukia mafunjo akijifanya anafungua majani kwenye rafadha. Nilimshika bega, sikufanya zaidi ya hapo. Karibu na magharibi upepo ulitulia, gugu likaachana, tukatoka. Usiku ule alikula sahani mbili za ugali na besi wa kukaanga, akanisimulia habari za mkewe mpaka saa sita.

Akina mama, nimelifikiri jambo hili tangu turudi. Mwanamke akifiwa, sheria imemuwekea eda ya miezi minne na siku kumi. Watu hujua yumo katika huzuni, humtembelea, humhesabia siku. Mwanamume mjane hana wa kumhesabia. Baada ya matanga tunamtazamia arudi kazini, na wengine, Mungu atusamehe, tunaanza kumtajia mchumba kabla udongo haujakauka. Naye akisema "Alhamdulillahi" tunalichukua jibu hilo tukaenda zetu. Sisi mashekhe ndio wa kwanza, kwani tumezoea kuponya kwa maneno. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na Bibi Khadija, mwaka ule uliitwa Mwaka wa Huzuni. Aliendelea kumtaja miaka mingi baadaye, na alipochinja mbuzi aliwapelekea nyama marafiki wa Khadija. Hakuambiwa ameshindwa kusubiri.

Katika nyumba nyingi ni nyinyi mnaoona mapema, kama binti yule alivyoona vumbi likifutwa kila siku. Msinyamaze. Mwiteni ami, mjomba, jirani, rafiki wa zamani, mumwambie aende akakae na mwenziwe. Si lazima wafike Naivasha. Wakae barazani, waende pwani na mshipi mmoja na chubwi, ilimradi wawe pamoja muda wa kutosha kimya kiishe chenyewe.

Tulirejea Jumatatu asubuhi na besi wa moshi waliofungwa vizuri katika karatasi. Nilidhani ni wa wanawe. Alasiri nilimuona swahibu anapita mtaani na kikapu, akibisha mlango kwa mlango katika nyumba za wanawake waliokuwa wakisoma darasa pamoja na marehemu mkewe. Sikumfundisha mimi. Alipofika kwangu alimpa mama watoto fungu lake na kumwambia, "Hili ni la rafiki yako."

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, na awape subira wote waliofiwa, wake kwa waume. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.