Mashine Usiyoruhusiwa Kuifungua Si Yako

Kila aliyewahi kucheza PlayStation 2 anaijua skrini ile nyekundu. Diski umeiweka, kifuniko umekifunga, mashine inaizungusha, inakoroma kidogo, inatulia, kisha inakuomba uweke diski ya PlayStation au PlayStation 2. Ilhali diski imo! Unaitoa, unaifuta kwa fulana, unaipulizia pumzi, unairudisha. Wekundu ni uleule.

Mashine yetu ilipoanza mambo hayo, mimi na kaka yangu tuliipeleka katika duka moja la vifaa vya umeme hapa Kampala. Muuzaji hakuifungua. Hakuiwasha hata mara moja. Aliitazama tu, akasema, "Hii imekufa, vijana. Nunueni nyingine." Tukarudi nyumbani vichwa chini. Jioni tukaipeleka kwa mzee mmoja mtaani kwetu, fundi wa redio. "Mzee, wanasema imekufa," kaka akamwambia. Mzee akacheka. "Haijafa, mwanangu. Imeumwa macho." Alifungua skrubu, akachovya pamba katika spiriti, akaifuta lenzi, akaondoa grisi iliyokauka kwenye reli akapaka nyingine. Kabla ya chakula cha usiku tulikuwa tunacheza.

Sisimulii haya ili kumsifu mzee peke yake. Nasimulia kwa sababu neno la yule muuzaji, "nunueni nyingine," limekoma kuwa uvivu wa mtu mmoja dukani. Siku hizi linajengwa ndani ya mashine zenyewe, na mahali pengine linalindwa na sheria. Hoja yangu ni hii: mashine ambayo mwenyewe au fundi wake hawezi kuifungua na kuitengeneza si mali yako, hata kama ulilipa bei yote. Umekodishiwa tu, na tarehe ya kuirudisha hukuambiwa.

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe, maana wanaotuuzia hofu hufaidika na kutojua kwetu. Mashine ya gemu haisomi diski kwa sindano kama santuri za zamani. Inaisoma kwa mwanga. Leza ndogo hupiga mwale kupitia lenzi hadi kwenye diski, mwale hurudi, na kitambuzi hufasiri kilichorudi. Lenzi yenyewe ni ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Vumbi likitanda juu yake, mwale hufifia. Grisi ya reli ikikauka, lenzi hushindwa kusogea sawasawa kutoka katikati ya diski hadi pembeni. Waya bapa ukilegea, taarifa hazifiki kwenye bodi kuu. Na leza yenyewe huchoka kadiri ya saa inazofanya kazi, kama balbu.

PlayStation 2 ina jambo moja zaidi ambalo humsaidia fundi mwenye subira. Husoma CD kwa mwanga wa nanomita 780 na DVD kwa mwanga wa nanomita 650. Ndiyo maana waweza kukuta mashine inasoma DVD zake za fedha lakini inazikataa gemu zile za CD zenye mgongo wa buluu, au kinyume chake. Fundi akiziweka zote mbili, tayari ameanza kujua tatizo liko wapi, hata kabla ya kushika bisibisi. Huo ni uchunguzi, kama ule wa daktari anayeuliza maswali kabla ya kuandika dawa.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni mwepisi kueleza. Jaribu diski nyingine unayoijua kuwa nzima. Chomoa umeme, fungua, safisha lenzi taratibu kwa spiriti. Safisha reli, paka grisi mpya. Angalia waya bapa. Yote hayo yakishindwa, badilisha leza nzima. Katika PlayStation 2, leza iliyotoka kwenye mashine moja iliyoharibika hufanya kazi katika nyingine ya aina hiyohiyo. Mashine haiulizi leza hiyo imetoka kwa nani wala imepewa ruhusa na nani. Inaipokea, inaendelea na kazi.

Hapa lazima niwakosoe baadhi ya mafundi wetu, maana Mgala muue na haki umpe. Wako wanaorukia skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa leza kabla ya kusafisha chochote. Wakiizungusha, upinzani wa umeme hupungua, leza hupata mkondo mkubwa zaidi, mwale huongezeka nguvu, na diski husomeka papo hapo. Mteja hufurahi, hulipa, huenda. Baada ya miezi michache leza imeungua kabisa, na safari hii hakuna wa kuiponya. Huko si kutengeneza. Ni kumpiga mjeledi punda aliyechoka ili afike sokoni, ukijua atafia huko. Fundi wa namna hiyo ndiye anayewapa watengenezaji wakubwa sababu ya kusema kuwa watu wa mitaani wasiguse mashine zao.

Lakini nao watengenezaji wana ya kujibu. PlayStation 2 ilitoka Japani mwezi Machi 2000, na hadi Sony inaacha kuitengeneza, mwanzoni mwa 2013, zaidi ya milioni 150 zilikuwa zimeuzwa. Tatizo la kusoma diski lilienea kiasi cha kufika mahakamani. Mwaka 2002 wateja wa Marekani walifungua kesi ya pamoja huko California, na mwaka 2006 mambo yakaishia kwenye suluhu: walioathirika wa Marekani na Kanada wangepewa dola 25, gemu moja ya bure, na unafuu wa gharama za matengenezo. Najua kwamba suluhu si hukumu. Ila na mimi nauliza: mashine zilezile zilipovuka bahari zikatufikia sisi, ni nani aliyetupa hata dola moja? Fidia yetu ilikuwa pamba na spiriti ya mzee wa mtaani. Na ilitutosha, kwa kuwa mashine ilikubali kufunguliwa.

Zilizofuata zikaanza kukataa. Katika Xbox 360, iliyotoka 2005, kila kisoma diski kilipewa ufunguo wa siri unaolingana na bodi kuu ya mashine yake. Ukitoa kisoma diski kizima kutoka mashine moja ukakitia katika nyingine, gemu hazisomeki, ingawa kila kipande kiko salama. Fundi alilazimika kuhamisha bodi ndogo ya kisoma diski cha zamani, na kama bodi hiyo ndiyo iliyokufa, basi. PlayStation 5 ya 2020 ikafuata njia hiyohiyo. Mwaka 2023 likaja toleo jembamba lenye kisoma diski kinachochomoka kwa mkono. Watu wakashangilia, wakidhani mambo yamelegezwa. Kumbe ukikichomeka, sharti kwanza mashine iunganishwe na intaneti ili ioanishwe nacho. Kipande umekinunua, kiko mkononi mwako, lakini hakifanyi kazi mpaka seva iliyo ng'ambo ikubali. Siku seva hiyo ikizimwa, utamwomba nani ruhusa?

Watetezi wa kufuli hizi wana hoja moja kubwa, nami sitaikwepa. Wanasema kisoma diski ndicho mlango wa wizi wa gemu. Kikiachwa wazi, watu watacheza nakala bandia, na waliotumia miaka kutunga gemu hawatapata chochote. Hoja hiyo ina uzito. Sote tunajua vibanda vyetu vya gemu vilijaa diski zilizonakiliwa, na wengi wetu tulijifunza kucheza kwa diski hizo. Siwezi kusimama hapa nikajifanya mtakatifu.

Hata hivyo, kuna shimo katika hoja hiyo. Lenzi yenye vumbi huikataa diski halali kama inavyoikataa bandia. Mtoto aliyenunuliwa gemu halisi kwa fedha halisi hupata skrini ileile. Kama shida ni wizi, mwadhibu mwizi. Kumnyima fundi uwezo wa kubadilisha leza kwa sababu jirani yake huuza nakala ni sawa na kuwakataza mafundi wa kufuli wote wasifanye kazi kwa sababu mjini kuna wezi. Tena, kufuli hizi hazikusubiri uthibitisho wa kosa. Zilimhukumu kila mnunuzi siku ileile alipofungua boksi.

Usidhani haya ni manung'uniko ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki tu. Huko Marekani kwenyewe, sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya 1998 inakataza kuvunja kufuli za kielektroniki. Watu walipigania ukarabati miaka mingi, na Oktoba 2021 serikali ikatoa msamaha kwa mashine za gemu. Msamaha wa nini? Wa kukarabati kisoma diski pekee! Na ukimaliza, unatakiwa urudishe kufuli kama lilivyokuwa. Zaidi ya hapo, ruhusa hiyo haikugusa katazo la kuuza au kugawa zana za kuvunjia kufuli. Ni kama kumwambia mtu, "Unaruhusiwa kuchimba kisima, lakini ni marufuku mtu yeyote kukuuzia jembe."

Kisha majimbo yakaanza kutunga sheria za haki ya kutengeneza vifaa: Minnesota na California mwaka 2023, Oregon mwaka 2024. Sheria hizo zinawataka watengenezaji watoe spea, vifaa na maelezo ya ukarabati. Ni jambo jema. Lakini zisome hadi kwenye orodha ya vitu vilivyoachwa nje. Utakuta mashine za gemu zimeachwa nje katika majimbo yote matatu. Simu itengenezwe, mashine ya gemu isiguswe. Nani aliyenong'ona masikioni mwa watunga sheria, sina haja ya kubuni. Matokeo yanaonekana kwa macho.

Huenda msomaji akauliza, Minnesota inatuhusu nini sisi? Inatuhusu kwa sababu mashine nyingi za kielektroniki hutufikia zikiwa zimetumika. Zikichakaa kwa mwenye nazo wa kwanza, huja huku kuanza maisha ya pili. Maisha hayo ya pili huendeshwa na fundi. Katika mitaa kama Katwe, watu wameishi miaka mingi kwa kufungua kilichoharibika, kutoa kizima hapa na kukitia pale, na kukifanya kifae tena. Mashine mbili mbovu huzaa moja nzima, na mabaki hayaendi jalalani mapema. Kufuli la kiwandani huua hesabu hiyo. Mashine mbili mbovu zitabaki mbili mbovu, na zote mbili zitatupwa kwetu, kwa kuwa sisi ndio tuko mwisho wa safari yake. Leo ni mashine ya gemu, kitu cha mchezo, na watu wazima watasema, "Waache watoto na michezo yao." Kesho kufuli hilohilo litakuwa katika pampu ya maji, trekta, na mashine ya hospitali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wako vijana wenzangu watakaoniambia kuwa diski zenyewe zimepitwa na wakati, gemu sasa zinashushwa kwa intaneti, kwa nini nipoteze wino? Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Gemu iliyoshushwa huwezi kumwazima rafiki, huwezi kuiuza ukikwama ada, na bando la kuishusha linaweza kumaliza matumizi yako ya mwezi mzima. Diski ni ya aliyeishika. Ndiyo maana kuitetea lenzi inayoisoma si ushamba.

Nina mambo matatu ya kuomba. Mafundi, safisheni kabla ya kukaza, na mwambieni mteja ukweli kuhusu ile skrubu. Sisi wanunuzi, kabla ya kutoa fedha tuulize: hiki kikiharibika, nani anaweza kukifungua? Na wabunge wetu, wa hapa Uganda na wa Afrika Mashariki, msisubiri sheria za wengine zilizokwisha kutobolewa matundu ndipo mzinakili na matundu yake. Tungeni yetu, iseme kwa lugha nyepesi kwamba kipande kizima kikitiwa mahali pake kifanye kazi, bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote.

PlayStation ile bado tunayo nyumbani. Juzi ilianza tena kukoroma. Mzee wa redio mikono yake sasa inatetemeka, hivyo alikaa pembeni akinielekeza nami nikafungua skrubu mwenyewe. "Taratibu," aliniambia, "lenzi haipendi haraka." Wekundu ukaondoka. Mashine za leo zitakapofika umri huo, sijui nitamfundisha nani kuzifungua, wala kama zitafunguka.