Herufi Moja, Kosa Mara 1,000

Wasee, leo nimekasirika, na sababu ni herufi. Ndiyo, herufi.

Dadangu mdogo alipeleka ripoti yake ya maabara ichapwe kwa saiba hapa mtaani. Kwa mkono alikuwa ameandika 250 μg. Kwenye skrini ilionekana sawa kabisa. Akaja nayo nyumbani, akabadilisha fonti ya ripoti nzima iwe Times New Roman vile mwalimu anataka, akaiprinti. Karatasi ikasema 250 mg. Maksi zikaenda.

Unajua kilichotokea? Aliyechapa hakuandika μ. Alichapa m ya kawaida, akaivalisha fonti ya Symbol, ile inayofanya m ionekane kama μ. Ni nguo ya kuazima: ukiivua, m iko palepale.

Na tofauti si ndogo. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, miligramu ni sehemu moja ya elfu. Umekosea mara 1,000! Kwenye ripoti ni maksi mbili tatu. Sasa ipeleke kwenye dawa: vidonge vya levothyroxine, vya wagonjwa wa tezi, hupimwa kwa mikrogramu. 50 μg ikigeuka 50 mg, hilo si kosa la uchapaji tena, ni hatari.

Ndiyo maana sikubali ile ya "si wataelewa tu". Walimu mnaoandika u mahali pa μ, mnaoacha pengo halafu mnajaza Ω kwa biro karatasi moja moja, na nyinyi wa saiba mnaotulipisha kwa kila ukurasa: hii ni kazi ya sekunde chache. Kwenye Word ya Windows, chapa 03BC, kisha bonyeza Alt na X pamoja. Inageuka μ. 03A9 ni Ω, 0394 ni Δ, 03BB ni λ. Kama kuna nambari mbele yake, acha nafasi kwanza, la sivyo zitashikana na upate kitu kingine. Fomula ndefu? Bonyeza Alt na =, andika \mu, kisha nafasi. Hiyo ni herufi halisi. Badilisha fonti mpaka uchoke, haigeuki m.

Najua kuna watakaosema, "Andika mcg tuendelee." Kwa dawa nakubali, tena wataalamu wa usalama wa dawa wenyewe huipendekeza, kwa sababu μ ya mkono husomwa m kwa urahisi. Lakini λ kwenye fomula ya fizikia utaiandikaje? l?

Mwanafunzi akikosea yuniti, anakatwa maksi bila huruma. Basi anayemchapia naye asikosee.

Mtumie mwenye saiba wako hii. Mwalimu pia.