Kabla ya kununua kitenge, choma uzi wake kwanza

Juma lililopita, fundi wa cherehani mmoja hapa Goma alivuta uzi kwenye kitenge nilichomletea, akauwasha kwa kiberiti. Haukuungua kama karatasi. Uliyeyuka, kikabaki kidonge kigumu cheusi. "Dada, hii si pamba," akaniambia. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba ni pamba tupu.

Kitambaa kile ni poliesta, na poliesta hutengenezwa kwa petroli. Kila tunapoifua inaachia nyuzi ndogo sana ambazo haziozi. Wengi wetu tunafulia ziwani, toka Goma na Bukavu hadi Uvira na Kalemie. Nyuzi hizo zinabaki katika maji yale yale tunayochota na kuvulia samaki.

Kinachouma ni kwamba nguo za mimea si kitu kigeni kwetu. Wakuba wa Kasai wanafuma rafia. Wambuti wa Ituri walipiga magamba ya miti mpaka yakawa kitambaa laini. Bonde la Ruzizi na Maniema zililima pamba, na Kalemie ilikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo, Filtisaf. Mashine zake zilinyamaza, na leo tunavaa vya kutoka mbali.

Kuna watakaosema pamba iliwatesa wazee wetu. Ni kweli. Tangu 1917 Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kuilima, tena kwa bei iliyopangwa bila wao. Pamba inayopuliziwa dawa nyingi nayo inaharibu udongo. Kwa hiyo sidai turudie zamani. Nadai pamba ambayo mkulima anailima kwa hiari, analipwa bei ya haki, na inafumwa hapa hapa nchini.

Simlaumu mama anayevalisha watoto wake kaguwa. Mfuko wake ndio unaamua. Lakini kila mwaka, kabla ya tarehe 8 Machi, vikundi vya wanawake vinaagiza kitenge kimoja kwa watu wengi. Hapo tuna nguvu ya soko. Tuombe kipande kidogo, tuchome uzi mbele ya muuzaji. Ukiacha majivu laini yenye harufu ya karatasi, tulipe. Ukiyeyuka, tumrudishie kitenge chake. Serikali za majimbo nazo zituambie: wakulima wa Ruzizi wakilima pamba kesho, nani ataifuma?